Mvua ya Masisi na Walikale: data za bure zimefungua mlango wa utafiti, lakini vipimo vya chini bado havionekani

Kila mwaka mwezi wa tisa ukifika, wakulima wa milima ya Masisi wanaangalia mawingu kabla ya kutia maharagi na mahindi udongoni. Upande wa magharibi, katika misitu ya Walikale, mvua haingoji msimu. Inanyesha karibu miezi yote. Wilaya hizi mbili za jimbo la Kivu Kaskazini zinategemea mvua kwa chakula, na mvua hiyo hiyo inakata barabara na kubomoa nyumba. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu cha Goma, Bukavu ama Butembo anayetaka kuandika memwari yake juu ya mazingira ya huko anakwama kwenye swali la kwanza: zilinyesha milimita ngapi, siku gani, na nani aliziandika?

Swali hilo linaonekana kuwa la darasani tu, lakini watu wanaoishi chini ya mlima ama kando ya mto wanaweza kupoteza maisha kwa kukosa jibu lake.

Somo la Kalehe

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda. Tarehe 4 Mei, maji na mawe yalishuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, jimbo la Kivu Kusini. Zaidi ya watu 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana tena. Kalehe inapakana na Masisi na pia Walikale. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Masisi yenyewe ilikuwa imelia: huko Bolowa, udongo wa mlima uliporomoka na kufunika watu karibu 20, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa kwenye kijito wakifua nguo.

Baada ya msiba wa Kalehe, kundi la wanasayansi wa kimataifa linaloitwa World Weather Attribution lilijaribu kujibu swali ambalo kila mtu aliuliza: je, mabadiliko ya tabianchi yaliifanya mvua ile kuwa kali zaidi? Kundi hilo limezoea kazi ya namna hiyo. Limefanya uchunguzi juu ya joto kali la Ulaya, mafuriko ya Pakistan na ukame wa Pembe ya Afrika. Lakini katika ripoti yake ya Juni 2023 juu ya eneo la ziwa Kivu, lilikiri kwamba halikuweza kutoa jibu, kwa sababu data za mvua zilikuwa chache mno.

Jambo hilo linafaa kueleweka vizuri. Wanasayansi hawakusema kwamba tabianchi haikuchangia. Walisema hawana vipimo vya kutosha kusema ndiyo ama hapana. Watu zaidi ya 500 walikufa pande zote mbili za ziwa, na sayansi ikabaki mikono mitupu, wakati watu waliijua hatari na walikuwa tayari kuichunguza.

Wilaya mbili, mvua mbili

Masisi ina ukubwa wa kilomita za mraba 4.734. Walikale ina 23.475, karibu mara tano ya Masisi, na ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini. Masisi ni nchi ya milima, malisho ya ng'ombe, jibini, viazi na maharagi. Sehemu nyingi zinapita mita 2.000 juu ya usawa wa bahari. Ina misimu miwili ya kulima ambayo mkulima yeyote anaijua: msimu A, unaoanza Septemba, na msimu B, unaoanza Februari. Walikale inashuka hadi chini ya mita 1.000, na msitu wake mkubwa unaungana na ule wa bonde la Kongo. Maji ya milima ya Masisi upande wa magharibi yanaingia mto Oso, kisha Lowa, na mwishowe Lualaba. Upande wa mashariki, maji yanatelemka kuelekea Sake na ziwa Kivu.

Katika nchi ya namna hiyo, mvua inabadilika kutoka bonde moja hadi lingine. Upepo wenye unyevu ukipanda mlima unapoa na kumwaga maji upande mmoja, huku upande wa pili ukibaki mkavu. Kwa hiyo kipimo kilichosomwa Goma, kando ya ziwa, hakiwezi kumweleza mtu kilichotokea siku hiyo Nyabiondo ama Pinga.

Na vituo vya kusoma vipimo ni vichache. Kazi ya hali ya hewa nchini iko mikononi mwa METTELSAT, idara ya taifa yenye makao Kinshasa. Kwenye viwanja vya ndege, Régie des Voies Aériennes inapima hali ya hewa kwanza kwa ajili ya marubani. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 wakati vita vilipoingia mjini. Masisi na Walikale zimepitia miaka mingi ya vita na watu kukimbia makwao. Kituo chenye paneli ya jua na betri ni kitu kinachoibiwa kwa urahisi, na msomaji wa vipimo akikimbia kijiji, daftari lake linakatika siku hiyo.

Data zinazopatikana bila malipo

Hata hivyo, hali ya mtafiti wa leo si ile ya miaka ishirini iliyopita. Akiwa na kompyuta na mega chache za intaneti, mwanafunzi wa Goma anaweza kupata data zilezile anazotumia profesa wa Brussels ama Nairobi, bila kulipa franga moja.

Ya kwanza ni NASA POWER. Mtu anaandika majira-nukta ya mahali, kwa mfano Masisi-centre, na anapewa joto, mvua, upepo na unyevu wa kila siku tangu 1981. Miaka 40 ya mvua ya mahali pamoja ni mistari 14.600 hivi, faili ndogo inayoweza kutumwa hata kwa simu.

Ya pili ni CHIRPS, inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara. Nayo inaanzia 1981. Inaigawa nchi katika vipande vya mraba vyenye upande wa kilomita tano na nusu hivi, na kila kipande kinapewa mvua yake. Kwa hesabu hiyo, Masisi inapata vipande karibu 150 na Walikale zaidi ya 700. Kwa wilaya ambazo hazina hata vituo vichache vya kutegemea, huo ni utajiri.

Ya tatu ni ERA5, ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, inayotolewa kupitia mpango wa Copernicus. Inatoa hali ya hewa ya kila saa tangu 1940, lakini vipande vyake ni vikubwa: kilomita 28 hivi kila upande. Masisi nzima inaingia katika vipande sita. Ya nne ni IMERG ya NASA, inayotoa mvua kila nusu saa kwa vipande vya kilomita kumi, na makadirio yake ya kwanza yanatoka saa chache tu baada ya mvua kunyesha.

Faida kubwa ya data hizi ni muda. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia kipindi cha miaka 30 kueleza hali ya kawaida ya mahali. Hakuna mwanafunzi anayeweza kuweka kipimamvua leo na kungoja miaka 30 ndipo atetee memwari yake. Kwa kutumia data zinazoanzia 1981, anaweza kuuliza maswali ya kweli sasa hivi: je, mvua za msimu A zinachelewa kuliko zamani? Siku za mvua kali zimeongezeka? Kiangazi cha Juni hadi Agosti kimekuwa kirefu?

Swali la kuanza kwa mvua linamhusu mkulima moja kwa moja. Watafiti wa kilimo wana kanuni wanazotumia mara nyingi: mvua inahesabiwa kuwa imeanza pale zinaponyesha milimita 20 hivi katika siku chache, bila kufuatwa na ukavu wa zaidi ya wiki moja ndani ya mwezi unaofuata. Mkulima anayepanda baada ya mvua ya kwanza ya udanganyifu anapoteza mbegu, na familia iliyorudi kutoka kambi ya wakimbizi mara nyingi haina mbegu za kupanda mara ya pili. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo kwa miaka 40, anaweza kuwaonyesha wakulima ni mara ngapi udanganyifu huo umetokea na katika wiki zipi.

Setilaiti inaona mawingu

Lakini data za bure zina hatari yake: zinaonekana kamili hata mahali zinapokosea. Jedwali la CHIRPS halina shimo hata moja. Kila siku ina namba, hata zile siku ambazo hakuna mtu aliyepima chochote Masisi.

Namba hizo hazitoki kwenye chombo kilichokusanya maji. Setilaiti inapima ubaridi wa sehemu ya juu ya mawingu. Wingu refu huwa na kichwa chenye baridi kali, na hesabu inafanywa kutoka hapo kukadiria mvua. Kisha makadirio yanasahihishwa kwa vipimo vya vituo vya chini, pale vilipo. Mahali vituo havipo, makadirio yanabaki yenyewe. Na milimani kuna shida ya pekee: mawingu mafupi yanayosukumwa juu ya mteremko yanaweza kumwaga maji mengi bila kuwa na kichwa baridi. Setilaiti inaweza kuona mvua ndogo mahali ambapo mlima mzima umelowa.

Watafiti wa maporomoko ya ardhi katika eneo letu wamekutana na tatizo hilo. Mtafiti Élise Monsieurs na wenzake, waliofanya kazi na Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati ya Tervuren, nchini Ubelgiji, walilinganisha mvua ya setilaiti na vipimamvua vya chini katika ukanda wa bonde la ufa la magharibi. Waliona kwamba setilaiti ilikuwa inapunguza mvua. Hawakuitupa. Mwaka 2019 walichapisha njia ya kutafuta kiwango cha mvua kinachoweza kuangusha mlima, wakitumia data za bure za setilaiti pamoja na orodha ya maporomoko ambayo tarehe zake zilijulikana. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu walikuwa na vitu viwili: data za wazi kutoka juu, na vipimo vya kuzisahihisha kutoka chini.

Utafiti mwingine, uliochapishwa 2021 na Arthur Depicker na wenzake, ulichunguza milima ya eneo la Kivu na kaskazini mwa Tanganyika. Walionyesha kwamba msitu ukikatwa kwenye mteremko, maporomoko yanaongezeka kwa muda wa miaka 15 hivi, na udongo unaopotea kwa njia hiyo unaongezeka mara mbili hadi mara nane. Kwa Masisi, ambako misitu mingi imegeuka malisho na mashamba, na kwa Walikale, ambako shoka linaingia kila barabara inapofunguliwa ama machimbo yanapoanza, hilo ni onyo. Lakini ili kujua ni mvua ya kiasi gani itaangusha mteremko fulani, mtu anahitaji tena ile namba ambayo haipo: milimita zilizonyesha pale, siku ile.

Makaratasi ya zamani

Kuna mahali pengine pa kutafuta. Wakati wa ukoloni, mvua ilikuwa inapimwa katika sehemu nyingi za nchi: kwenye misioni, mashamba makubwa na makao ya utawala. Taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC, iliyoundwa 1933, ilikuwa na vituo vyake, kikiwemo cha Mulungu katika Kivu Kusini na kile kikubwa cha Yangambi karibu na Kisangani. INERA ya leo ndiyo mrithi wake. Lwiro nayo, iliyoanza 1947, ni nyumba ya sayansi ya zamani katika Kivu.

Sehemu kubwa ya makaratasi hayo ilihifadhiwa Ubelgiji. Mradi wa COBECORE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Ghent, ulianza kuyapiga picha, na kupitia kazi iliyoitwa Jungle Weather, watu wa kujitolea kutoka pande mbalimbali za dunia walisoma majedwali yaliyoandikwa kwa mkono na kuyaingiza katika kompyuta. Kabla ya hapo, kwa njia hiyo hiyo, daftari za Yangambi za miaka ya 1937 hadi 1958, zilizoeleza ni lini kila mti ulitoa maua, matunda na kupukutisha majani, ziliokolewa na kuwa data za utafiti.

Watu walioshika kalamu miaka ile walifikiri wanajaza karatasi ya bwana shamba. Leo karatasi hizo zinamsaidia mtafiti wa msitu wa Kongo kujua msitu ulivyokuwa kabla joto halijapanda. Data haizeeki ikihifadhiwa. Inakufa ikifungiwa mahali ambapo hakuna mtu anayejua kwamba ipo.

Majirani walivyofanya

Rwanda inatoa mfano wa karibu. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalivunja karibu mtandao wake wote wa vituo vya hali ya hewa, na ilichukua miaka mingi kuurudisha. Wanasayansi walikuwa na pengo la zaidi ya miaka kumi. Kupitia mpango wa ENACTS, ulioongozwa na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia, idara ya Meteo Rwanda ilichukua vipimo vilivyobaki, ikaviunganisha na data za setilaiti, ikapata mfululizo wa mvua na joto tangu miaka ya 1980 kwa nchi nzima, kisha ikaweka ramani zake wazi kwenye intaneti. Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia nazo zilifuata njia ya ENACTS.

Kwa hiyo vita si sababu ya kutosha ya kukosa data. Pengo linaweza kuzibwa ikiwa vipimo vichache vilivyopo vinatolewa na kuunganishwa na data za setilaiti.

Sheria za kimataifa zinaelekea huko pia. Mwaka 1995, nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana kubadilishana bure data za msingi. Oktoba 2021 zilipitisha sera mpya inayopanua makubaliano hayo, na ambayo inataka watafiti na vyuo vya umma wapewe data bila malipo kwa kazi isiyo ya biashara. Hata hivyo, katika nchi nyingi za Afrika idara za hali ya hewa, zenye bajeti ndogo, bado zinauza vipimo vya zamani. Bei inayoonekana ndogo kwa kampuni inaweza kumfanya mwanafunzi abadilishe kichwa cha memwari yake.

Kazi inayoweza kuanza bila kungoja

Kuna mambo ambayo hayahitaji mfadhili mkubwa. Kipimamvua cha mkono ni chombo rahisi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba. Hesabu hiyo inafundishika shule ya msingi. Kinachohitajika ni chombo chenye mdomo wa kipimo kinachojulikana, mahali pa wazi mbali na miti na mabati, mtu anayesoma saa ileile kila asubuhi, na daftari. Shule, vituo vya afya, parokia na vyama vya wakulima viko hata pale ambapo serikali haionekani. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Oregon State, umetumia shule katika nchi kadhaa za Afrika kwa sababu hiyo hiyo: mwalimu analinda chombo, wanafunzi wanajifunza, na watafiti wanapata data.

Vipimamvua kumi vikisomwa kwa uaminifu kuanzia Sake hadi Walikale-centre kwa misimu miwili vinaweza kuonyesha ni kwa kiasi gani setilaiti inadanganya katika kila bonde. Tuseme setilaiti inasema 40 kila mara chombo kinaposoma 60. Mtafiti akishajua hivyo, anaweza kurudi nyuma na kusoma upya miaka yote 40 iliyopita. Kwa hiyo misimu miwili ya kazi ya mikono inaongeza thamani ya data zote za bure.

Jambo la pili ni kufungua makabati. Miradi ya kilimo, mashirika ya misaada, kampuni za machimbo na za umeme wa maji hupima mvua kwa mahitaji yao, na mradi ukiisha, faili linabaki kwenye kompyuta ya ofisi. Vyuo vyenyewe vina deni hilo: vipimo ambavyo mwanafunzi alikusanya kwa miguu na kwa pesa zake huishia kwenye kiambatisho cha memwari iliyofungiwa maktaba. Ghala moja la pamoja la vyuo vya Goma, Bukavu na Butembo, ambamo kila anayemaliza anaweka jedwali lake pamoja na mahali, tarehe na aina ya chombo, lingemfaa mwanafunzi wa mwaka unaofuata kuliko mashine mpya.

Siku mlima mwingine utakapoanguka Masisi, ama Lowa itakapopanda juu ya kingo zake Walikale, wanasayansi watauliza tena lile swali la Kalehe. Watapata jibu ikiwa kuna mtu, kwenye shule ama kituo cha afya karibu na hapo, aliyeandika asubuhi ile namba moja kwenye daftari, na ikiwa daftari hilo linaweza kusomwa na yeyote anayelihitaji.